Rudia Mpaka Ikubali

Kuna kitufe kimoja ambacho kila msanidi programu anakijua hata kama hajui jina la jirani yake. Kitufe cha kurudia. Umeandika msimbo wako, umeusukuma kwenye ghala la pamoja, na mahali fulani mbali, kwenye seva ambayo hutawahi kuiona, mtambo unaanza kazi. Unachukua msimbo wako, unauchanganya na wa wenzako, unaijenga programu nzima upya kutoka mwanzo, halafu unaipitisha kwenye majaribio mamia kadhaa. Baada ya dakika kumi hivi unapata jibu. Kijani, endelea. Nyekundu, kuna kitu kimevunjika. Na hapo kando ya ile nyekundu ndipo kitufe kilipo. Ukibonyeza, mtambo utajaribu tena. Wakati mwingine, bila wewe kubadilisha hata nukta, nyekundu inageuka kijani na unaenda zako kulala.

Swali langu ni dogo na linaweza kuonekana la kijinga: ukibonyeza kitufe hicho bila kusoma kilichoandikwa chini ya ile nyekundu, je, umesema uongo?

Wasee wengi niliowauliza hucheka. Uongo kwa nani? Mashine ndiyo imesema kijani, si mimi. Naliona jibu hilo kuwa la haraka mno, na nataka kulijadili kwa mfano ninaoujua vizuri, kwa sababu niliufuatilia wiki mbili nzima nikiwa Nyamira, na kwa sababu uliishia kwa mama mmoja ambaye hana habari kwamba mtambo kama huo upo duniani.

Kwanza, kwa wasiofanya kazi hii. Utaratibu wenyewe huitwa uunganishaji endelevu. Ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Kent Beck na wenzake walipokuwa wakihubiri kwamba watu wanaojenga programu pamoja wasikae miezi mitatu kila mtu na kipande chake halafu waje kuvigonganisha siku ya mwisho. Unganisha kila siku, walisema, na kila mara mashine ikague. Siku hizi hata timu ya watu watatu wenye laptopu za mitumba ina mtambo wake. Kinachonivutia mimi si ufundi. Ni kwamba tumeajiri shahidi asiye na urafiki na mtu, asiyechoka, asiyejua nani ni bosi, halafu tukampa kila mmoja wetu uwezo wa kumwambia: hebu sema tena, sijapenda ulivyosema.

Timu ninayoizungumzia ilikuwa ya watu watano. Wawili Kisii mjini, kwenye chumba cha kupanga si mbali na soko la Daraja Mbili, wawili Nairobi, na mimi nyumbani, upande wa Kebirigo, ambako intaneti ni nzuri hadi mvua ya alasiri ikija na radi zake na stima ikienda. Programu ilikuwa ya vyama. Si vyama vya siasa, chama cha kawaida: kina mama ishirini, kila mwezi mchango, mikopo midogo, faini kwa anayechelewa. Wanachama wanatuma pesa kwa simu, programu inasoma ujumbe, inaweka tarehe, inajumlisha. Ukipita tarehe tano bila mchango wa mwezi huo, inakupiga faini yenyewe. Hakuna kubembeleza katibu.

Kulikuwa na jaribio moja kati ya yale mamia lililokuwa likianguka mara moja moja. Lilihusu tarehe. Leo nyekundu, kesho kijani, wiki nzima kijani, halafu nyekundu tena. Lugha ya kazi ina jina la majaribio ya aina hiyo, na sisi tuliita tu kigeugeu, neno ambalo Mkenya hahitaji kufafanuliwa. Nilipoiuliza timu, mmoja wa wale wa Kisii alinijibu kwa upole kabisa.

"Mura, hiyo ni kigeugeu tu. Irudie."

"Imerudiwa mara ngapi?"

"Sijahesabu. Lakini asubuhi huwa inakubali."

Wacha nimtetee kabla sijambishia, kwa sababu hoja yake si ya uvivu. Mwaka 2016 Google walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiasi fulani cha ukigeugeu, na kwamba kila jaribio lilipohama kutoka kupita hadi kuanguka, asilimia 84 ya mara hizo kulikuwa na kigeugeu ndani yake. Hao ni Google, wenye pesa na watu. Kwa hiyo mtu anayeona nyekundu na kusema "labda si kitu" anabahatisha vizuri. Mara nyingi atakuwa sahihi. Mtandao umekatika katikati, seva ya mtu mwingine imelala, kifurushi ambacho programu yako inakitegemea kimetoweka. Machi 2016 ilitokea hivyo dunia nzima: mtu mmoja aliondoa kijifurushi chake cha mistari 11 kutoka kwenye ghala la npm, kikiitwa left-pad, na miradi kila mahali ikaanza kushindwa kujengwa. Wenye miradi hiyo hawakuwa wamegusa kitu. Nyekundu si hukumu, na anayekurupuka kuuliza "nani ameivunja?" kabla ya kuuliza "nini kimevunjika?" anaharibu timu haraka kuliko kasoro yoyote.

Halafu kuna gharama. Ukweli hauuzwi bei moja kila mahali. Mtu aliye kwenye kampuni kubwa akisema "nasimamisha kazi siku tatu nichunguze," mshahara wake haupungui. Kijana wa Kisii anayelipwa kwa kazi iliyokamilika, mteja ameshapiga simu mara mbili, bando linaisha, na kodi ya nyumba ni tarehe tano ile ile ya faini za chama, yeye akisimamisha kazi siku tatu ni yeye anayelipia siku hizo. Simlaumu anayebonyeza. Nasema tu kwamba bei hiyo haiondoki kwa sababu yeye hakuilipa.

Njia niliyoifuata haikuwa ya ajabu. Ukisoma kumbukumbu za mtambo, soma kosa la kwanza, si la mwisho, kwa sababu la mwisho mara nyingi ni kilio cha vitu vilivyoangukiwa na la kwanza. Kosa la kwanza lilisema jambo moja tu: nilitarajia tarehe mosi, nimepata ya mwisho wa mwezi. Kisha nikafanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya, nacho hakihitaji akili, kinahitaji karatasi. Niliorodhesha saa za kila mara jaribio lilipoanguka, jinsi seva ilivyoziandika. 21:14. 22:40. 21:52. 23:05. 22:17. Hakuna hata moja kabla ya 21:00. Hakuna hata moja baada ya saa kugonga 00:00.

Kitu kisicho na mpangilio hakiwezi kuwa na mpangilio namna hiyo.

Seva hizi huhesabu saa kwa UTC. Sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo 21:00 ya seva ni saa sita usiku yetu, na 00:00 yake ni saa tisa usiku yetu. Katika saa hizo tatu, Kenya imeshaingia siku mpya lakini seva bado iko jana. Sehemu moja ya programu iliuliza tarehe ya Nairobi, sehemu nyingine iliuliza tu "leo ni lini?" na kujibiwa na mashine iliyokuwa juu yake. Saa ishirini na moja kwa siku majibu mawili yanafanana. Saa tatu hayafanani. Kwenye laptopu zetu yalifanana daima, kwa sababu laptopu zetu zote zinafuata saa za Nairobi. Kila mtu aliyesema "kwangu inafanya kazi" alikuwa anasema kweli. Niliiambia laptopu yangu mchana kweupe ijifanye inafuata UTC na kwamba ni saa tatu na nusu usiku huko, na jaribio likaanguka. Nikarudia. Likaanguka. Mara kumi, likaanguka mara kumi. Halikuwa kigeugeu hata kidogo. Lilikuwa jaribio lenye msimamo kuliko yote, ila lilikuwa likizungumzia saa ambazo wengi wetu tumelala.

(Kiswahili, kwa njia, kilishalitatua hili kitambo. Tukisema "usiku wa kuamkia Jumanne" hakuna anayegombana kama ni Jumatatu au Jumanne. Laiti mashine ingeuliza hivyo.)

Sasa fikiria ni nani anayetuma mchango wa chama kati ya saa sita na saa tisa usiku, tarehe mosi. Si mwalimu. Si mwenye duka. Ni askari wa usiku aliyeko kwenye geti la watu Nairobi, anatuma kwa chama cha nyumbani Nyamira mara tu mwezi unapogeuka ili asisahau. Ni muuguzi aliye zamu. Ni dada aliyeko Saudia, ambako saa ni sawa na zetu, anayeishika simu yake kwa utulivu baada ya watoto wa mwajiri kulala. Mchango wake wa Machi uliandikwa ni wa Februari. Kwa programu, amelipa Februari mara mbili na Machi hajalipa kabisa. Tarehe tano ikapita. Faini.

Mtanirushia methali ya ufa na ukuta. Naijua. Lakini methali hiyo inamzungumzia mtu na ukuta wake mwenyewe: usipoziba, utajenga wewe. Hapa aliyeuona ufa alikuwa kwenye chumba chenye stima Kisii mjini, na ukuta ulikuwa wa askari wa usiku. Ndiyo maana hekima ya kawaida ya "utajuta mwenyewe" haifai. Yeye hangejuta. Hangejua hata.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, W. K. Clifford, aliandika insha inayoitwa The Ethics of Belief. Anaanza na mwenye meli anayejua kwamba meli yake ni kuukuu na imekarabatiwa mara nyingi. Wasiwasi unamsumbua. Kisha anajituliza: imeshasafiri mara nyingi na kurudi salama, Mungu atawalinda hao wahamiaji na familia zao. Anaamini kwa moyo wote. Meli inazama, naye anachukua bima. Clifford anasema ana hatia, hata kama imani yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi uliokuwa mbele yake. Na sehemu ninayoipenda zaidi: tuseme meli haikuzama. Bado ana hatia ile ile. Tofauti ni kwamba hakugunduliwa.

Mwenye meli wa Clifford ana faida moja ambayo ingetusaidia: ilimbidi ajishawishi. Alifanya kazi ya kuuzima wasiwasi wake. Sisi kazi hiyo tumeipa kitufe. Unabonyeza, unachota chai, unarudi, kijani. Wasiwasi umezimwa na mashine na kumbukumbu inaonyesha umepita mtihani. Hata dhamiri haikupata nafasi ya kukusumbua, maana ni dakika kumi tu.

Tukirudi kwenye uongo. Jamaa yangu anasema hakutamka lolote. Kweli. Lakini ile alama ya kijani ni ya nani? Si yake. Yeye anajua alichokifanya. Kijani ni ujumbe kwa wengine: kwa mwenzake atakayejenga juu ya msimbo huo, kwa mteja anayeambiwa "imejaribiwa," na mwishowe kwa chama. Wote wanaisoma hivi: kitu hiki kimekaguliwa na kimepita. Ukweli kamili ungesomeka: kitu hiki kilianguka, hatujui kwa nini, tukajaribu tena mpaka kikapita. Hizo ni sentensi mbili tofauti, na aliyebonyeza ndiye aliyechagua ipi iwafikie watu.

Nyamira ni nchi ya majani chai, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya huku. Kwenye kituo cha kununulia, mkulima anaweka majani yake yakaguliwe kabla ya kupimwa. Sheria ni majani mawili na chipukizi. Karani akiona yamekomaa au kuna vijiti, anakurudisha uchambue. Sasa tuseme mkulima harudi kuchambua. Anakaa kando na gunia lile lile, anangoja jioni, lori liko karibu, foleni ni ndefu, karani amechoka, na linapita. Hakusema neno. Uongo uko wapi? Uko kwenye lori. Kwa sababu kuanzia hapo gunia lake halina jina tena, linachanganywa na ya wengine, na kiwandani hakuna awezaye kuyatenganisha. Chai ikishuka daraja, inashuka ya wote, pamoja na ya yule aliyechuma vizuri alfajiri. Uunganishaji ndio huo.

Ila kurudia kwenyewe si dhambi, na hapa ndipo naachana na wale wanaotaka kitufe kiondolewe. Kuna kurudia ili ujue na kuna kurudia ili upite. Kwa nje hayatofautiani hata kidogo, kidole ni kile kile. Tofauti inaonekana kijani ikitokea. Aliyerudia ili ajue, kijani kinamtia wasiwasi zaidi: msimbo ni ule ule, majibu ni mawili, basi kuna kitu nje ya msimbo kinachoamua, na ni kipi? Aliyerudia ili apite, kijani kinamaliza mazungumzo. Na kama huna muda wa kujua, jambo la kweli kabisa Kisii au kwingineko, kuna kitu cha dakika moja: andika. Saa ngapi, jaribio lipi, nimelirudia bila kujua sababu. Mistari mitano ya namna hiyo kutoka kwa watu watano ingenipunguzia wiki mbili. Mkusanyiko wa mistari hiyo ndio ule niliokuja kuuandika kwenye karatasi.

Kuna watakaosema ujumbe mwingi wa namna hiyo hauna anayeusoma. Ni kweli, na ina historia. Agosti 1, 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipeleka programu mpya kwenye seva zake nane, lakini moja ikasahaulika ikabaki na msimbo wa zamani. Soko lilipofunguliwa, kwa dakika 45 hivi seva hiyo ilituma maagizo yasiyotakiwa na kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Kabla ya soko kufunguliwa asubuhi hiyo, mfumo wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zenye kutaja kosa. Hazikuwa zimekusudiwa kuwa kengele ya hatari, na hakuna aliyezishughulikia. Tisini na saba. Naamini walioziona waliziona kama sisi tulivyoliona jaribio letu, kwamba ni kelele za kawaida za mashine. Ukizoea nyekundu isiyo na maana, hutaitambua yenye maana hata ikija mara mia kasoro tatu.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja. Jaribio likasimama kijani mchana na usiku. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, nacho hakikuwa na kitufe: michango ya miezi mitano iliyokuwa na tarehe za uongo, na faini zilizokwisha kutozwa. Kwenye kikao chetu mmoja wa Nairobi alipendekeza tuzirudishe kimya kimya, ziingie kama "marekebisho ya hesabu," watu wapate pesa zao na maisha yaendelee. Hela ni hela, alisema, wakishazipata watataka nini tena? Kwa karibu saa nzima hatukuelewana.

Mimi nilikuwa nimeshaongea na mweka hazina wa kimoja cha vyama hivyo, mama wa huku kwetu. Aliniambia wanachama watatu walikuwa wamemwonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu zao, tarehe mosi na dakika zake, wakati programu inasema hawajalipa. Kompyuta haina shida, kila mtu alijua hivyo. Pesa ilitumwa, kwenye hesabu haipo. Ni nani anayeshika hesabu?

"Mwanangu," aliniambia, "hawakuniita mwizi. Waliacha tu kunisalimia vile walikuwa wananisalimia."

Hilo si la kurudisha kimya kimya. Faini inaweza kuingia kwenye simu bila maelezo. Salamu haiwezi. Kwa hivyo vyama vyote viliandikiwa ujumbe wa Kiswahili cha kawaida, ukisema kosa lilikuwa la programu, kwa miezi gani, kwa saa zipi, na kwamba waweka hazina hawakuhusika. Yule mama aliomba usomwe kwenye mkutano, wala si kutumwa tu kwenye kikundi cha WhatsApp. Ukasomwa. Wengi waliuelewa. Mzee mmoja aliyekuwa amemsindikiza mkewe alisema hajawahi kusikia kompyuta ikikosea tarehe, labda mtu ndiye aliyeifundisha.

Mama bado ni mweka hazina. Programu bado inatumika. Lakini amerudia daftari lake la jalada gumu, na kila mchango unaoingia anauandika humo kwa mkono, jina, kiasi, tarehe, na sasa ameongeza safu ya nne ambayo zamani haikuwepo. Niliiona aliponifungulia: saa saba kasorobo usiku, saa nane na dakika kumi usiku, saa sita na nusu usiku.